Figo Iliyodhaniwa Uvimbe

Mwakeye, nawasalimu, kina mama na vijana wenzangu. Karatasi hii nimeinakili mara nne kwa kuogopa makosa, kwa hiyo mniwie radhi nikisoma neno kwa neno. Ndivyo nilivyo. Kushona nimejifunza mwenyewe, na mshono ukipinda kidogo tu nafumua wote.

Tumbo lilianza kuniuma wakati wa kupanda maharage, upande wa kushoto, chini ya kitovu. Nikibonyeza, nahisi kitu kigumu. Nilivumilia hadi homa iliponilaza, ndipo mama akanipeleka hospitali, Kibondo, nikaandikiwa kipimo cha utrasaundi. Niliambiwa ninywe maji mengi nisikojoe, maana kibofu kikijaa ndipo vilivyo nyuma yake huonekana vizuri.

Nikanywa lita moja na nusu, nimepima kwa chupa. Lakini foleni haikusogea. Nikawaza: nikilowesha shuka mbele ya kaka anayepiga hizo picha, uso nitauficha wapi? Nikaponyoka, nikaenda chooni. Nilipoingia kwenye kipimo akauliza, "Dada, mbona kibofu sikioni? Umekojoa?"

"Hapana, kaka."

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo moja lilinifikisha mlangoni pa chumba cha upasuaji. Yule kaka alijitahidi, akaandika alichoona: uvimbe, huenda wa kifuko cha mayai. Nikapewa rufaa ya Kasulu. Siku zote za kusubiri nilisoma kwenye simu habari za uvimbe, nikajiona tasa, nikajiona nimeshazikwa. Ukweli sikumwambia mtu.

Kasulu, daktari alikuwa mama mmoja aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Alinipa fomu ya kukubali upasuaji, kisha akaitazama tena ile picha. "Binti, siku hiyo kibofu kilikuwa kimejaa?"

Kalamu ninayo mkononi. Nikalia. "Nilidanganya, daktari. Nilikuwa nimekojoa, niliogopa kulowesha shuka."

Mama akashika kichwa. "Mwana wanje, mwanangu! Unaficha mkojo, upasuliwe tumbo?"

Daktari akacheka hadi miwani ikateleza. "Mwache, mama. Binti, nenda kanywe maji. Shuka tunazo nyingi."

Safari hii nilijibana hadi machozi. Mtaalamu akapitisha kifaa tumboni, akakipeleka ubavuni, akarudi chini. "Figo ya kulia ipo. Ya kushoto haipo mahali pake."

"Imeibiwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Hii hapa, kwenye nyonga. Amezaliwa nayo hivi."

Nilipelekwa kupigwa picha ya CT, ikathibitisha hivyo hivyo. Figo ni nzima, inafanya kazi, ila iko chini. Homa na maumivu yalikuwa maambukizi ya mkojo, yakaisha kwa dawa. Ile fomu sikuisaini.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyeuliza, na mama yangu aliyenicheka kwa uongo wangu huku akinifulia nguo. Yule kaka wa Kibondo nilirudi kumwomba radhi. Akasema, "Dada, na mimi nilipaswa kukurudisha ukanywe maji tena." Tukasameheana.

Wapendwa, ukilala kwenye kile kitanda, sema ulichokula, sema umekojoa lini, hata kama aibu inakuchoma. Anayesoma picha anahitaji na maneno yako.

Daktari ameniambia naweza kuzaa. Siku nikibeba mimba, niwahi kliniki na kueleza figo yangu ilipo. Nitaeleza. Na mkunga akiniuliza lolote, nitamjibu lilivyo.