Mwite Ruti Aingie

Mimi ndiye niliyemshika Marita taya. Mlizoea kusikia kwamba mdogo wangu aliharibu mimba kwa homa. Si kweli, wanangu, na Mungu aliyenisitiri miaka thelathini anataka niseme kabla sijafika kwake. Baba alikuwa mzee wa kanisa, akaona afadhali mimba itoke kuliko yeye asimamishwe mbele ya ushirika, na kwa kuwa bibi alinifundisha mizizi, akaniambia nichemshe. Nikachemsha, nikatia chumvi ya Ivuna kupunguza ukali. Marita akausukuma mkono wangu, akasema, "Dada, nani amekwambia simtaki?"

Nilimshika.

Alipona, ila hakushika mimba tena, na mwaka uliofuata akavuka mpaka pale Tunduma kwenda kwa shangazi zetu Isoka, asirudi hata kumzika baba.

Sasa mmekaa hapa kitandani kwangu tangu asubuhi. Wewe Yonasi unataka nikuonyeshe mzizi kabla sijafa, binti yako asikuaibishe kanisani. Wewe Jenista, shangazi mtu, unasema aolewe na yule mwanamume wa Chapwa upesi, tumbo halijaonekana. Mnabishana kama wanunuzi wa ng'ombe, na Ruti mwenyewe yuko nje anapukuchua mahindi.

Mzizi sikuonyeshi, Yonasi, nakwenda nao kaburini. Naamini kilichomo tumboni ni cha Mungu, na Ruti akiniuliza nitamwambia hivyo bila kumficha. Akitaka nisilolitaka, nitalia naye, lakini sitamshika. Miaka yote nimetubu kwa ajili ya yule mtoto tu, nikamsahau Marita, niliyemmiminia dawa kama debe.

Kahawa ya bondeni, niliyoipanda kwa mikono hii nikiwa mjane, ni ya Ruti, azae asizae, aolewe asiolewe, asije akaambiwa hana pa kwenda ila kwenye mzizi au kwa mume. Shamba la juu na ng'ombe gawaneni ninyi. Na mtu asimtenge kwenye chakula, nakataa, hata nikiwa chini ya udongo nakataa.

Nipeni maji... Basi, yatosha. Pumzi inakwisha.

Bwana awalinde, wanangu, awalinde na wajukuu... hata wewe unayenuna.

Yonasi, fungua mlango. Mwite Ruti aingie, umpe kigoda akae, umwulize anataka nini. Kisha unyamaze.