Siku Tisa za Kungoja Bahasha

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Kemia, Profesa wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wanafunzi humwita Pima Tena, na anajua. Hakuna aliyepita mikononi mwake bila kurudishwa kwenye mizani, hata kama jibu lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Alianza kama mhadhiri msaidizi, akifundishia katika chumba chenye mabomba manne, mawili yakiwa hayatoi kitu. Utafiti wake ulikuwa wa maji ya visima yanayoharibu meno na mifupa ya watoto. Kwa miaka kumi na mmoja alihangaika na udongo na mkaa, hadi akapata kichujio cha udongo wa kuchoma ambacho mtumiaji anahitaji ndoo na kitambaa tu. Mimi, fundi wa maabara, nilivichoma vingi tanuruni.

Lakini nikiishia kwenye sifa nitakuwa nimedanganya. Tulio karibu naye tunakumbuka zaidi zile siku tisa tulizoishi roho mkononi.

Zilibaki siku nne kichujio kizinduliwe. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa zoezi tu, alipima maji ya kichujio kilichokuwa jikoni mwa wafanyakazi. Akaja na karatasi: arseniki. Profesa akamwambia kama kawaida, "Pima tena." Jibu likawa lile lile. Mara ya tatu alipima mwenyewe, kisha akakaa chini bila kuvua glavu. Sumu ilikuwa kwenye udongo wa shehena mpya, na vichujio vya udongo ule vilikwisha kusambazwa kwa majaribio katika nyumba sitini na mbili. Moja ilikuwa ya binti yake, mjamzito wa miezi saba.

Simu ya kwanza alimpigia yeye. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena.

Mkuu wa kitivo alimsihi asubiri uhakika, kwa kuwa wageni walishaalikwa. Profesa akamjibu, "Tukisubiri uhakika, watu wanaendelea kunywa." Tukapanda gari la idara, moja kwa moja hadi kwa binti. Tulimkuta uani akifua, mzima, simu iko kwenye chaji ndani. Jagi mezani lilikuwa limebaki robo. Profesa alilitazama lile jagi, akalibeba na kumwaga maji uani.

Nyumba zilizobaki alibisha hodi mwenyewe. "Maji niliyowapa huenda yana sumu. Acheni kuyanywa. Kosa ni langu." Wengine walimshukuru. Mama mmoja alimnyanyua mwanawe, akatufungia mlango. Uso ule sijausahau.

Tulichukua sampuli za mkojo za kila mtu, tukazipeleka maabara nyingine ili asiwe hakimu wa kesi yake mwenyewe. Kisha tukangoja. Hakukosa kipindi hata kimoja, lakini chupa mbele ya darasa alinipa mimi nimshikie. Binti yake bado hakupokea simu, safari hii kwa hasira.

Siku ya tisa bahasha ikaja. Akanipa nimsomee. Karibu wote walikuwa salama. Watatu, binti akiwa mmoja wao, walikuwa na kiasi kilichozidi kidogo, nacho kikashuka walipobadilisha maji. Mjukuu alizaliwa mzima. Hata hivyo bibi yake, Profesa wetu, alimhesabu vidole mara tatu, wauguzi wakacheka, na binti naye akacheka. Hapo ndipo walipoanza kuzungumza upya.

Uzinduzi ulifanyika mwaka uliofuata, na tangu hapo hakuna udongo unaoingia tanuruni kabla ya kupimwa. Leo kichujio kimefika maelfu ya nyumba. Aliwahi kuniambia kwamba hofu haijamtoka: akimwona mtu anainua glasi, moyo humwenda mbio.

Jumamosi binti anakuja kumchukua yeye na mizigo yake, amemtengea chumba. Asante, Profesa, kwa elimu na kwa ujasiri wa kukiri. Idara nzima inakuombea afya, wajukuu wengi, na usingizi usiokatika.