Sahani ya Kina Fikri

Kitu cha mwisho cha kawaida kabla ya kununiana kilikuwa sahani: majani ya kabichi yaliyoviringishiwa wali ndani, kutoka kwa kina Fikri, jirani zetu wa ghorofa ya juu. Tangu mke wangu Wafaa afariki, hawakuacha kutuletea. Kesho yake binti zetu, wote wanasomea ufamasia hapa Mansoura, waliingia kwenye mtihani. Wangu, Yusra, akaufunika ukurasa wake, na Rabab wa Fikri, aliyetaka kunakili, akarudisha karatasi tupu. Sahani ikabaki jikoni kwetu. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, nami sikujua kama nikiijaza itapokelewa.

Jioni nikaenda kijiweni, kwenye benchi la mkahawa wa kona. Fikri alikuwepo, na Shawqi, tunayemwita Injinia.

— Ustadhi, binti yako bahili, — Fikri akaanza, bila salamu.

— Alikataa kuibiwa tu.

— Wizi gani? Kupiga chabo ni kusaidiana! Angekuwa na mkate, asingemmegea mwenzake?

Injinia akarukia:

— Jamani, mimi chuo nimemaliza kwa madesa matupu, majibu ya wenzangu. Na jengo langu la sokoni si limesimama?

— Limeinama, Injinia, — nikasema.

— Linawaamkia wapita njia! Lina adabu.

Fikri akacheka, kisha akakumbuka kwamba amenuna.

— Mimi ningeruhusu. Darasa zima karatasi moja, walimu wakalale.

— Darasa la nini? — Injinia akapandisha sauti. — Mtaa upeleke mtu mmoja chuoni, akirudi tugawane shahada!

Mzee mmoja akatujia kutoka meza ya pili, shavu limevimba, cheti cha dawa mkononi.

— Samahani, nimewasikia. Duka gani la dawa hapa, mwenyewe alifaulu kwa kichwa chake?

Injinia akainua kikombe kitupu. Fikri akajikuna shingo, halafu akaninyooshea kidole.

— Subiri kidogo, mzee wangu. Binti wa huyu bado hajamaliza.

Tulicheka mpaka mzee akalishika shavu lake, naye anacheka.

Asubuhi nilipika wali wa maziwa kama wa Wafaa. Sufuria ya kwanza niliiunguza. Ya pili niliimimina kwenye sahani ya kina Fikri, nikapanda ngazi, na Yusra nyuma yangu na kitabu chake ili wasome na Rabab. Nikagonga mlango.