Mwalimu Agatha Sulle na Blogu ya Kidato cha Pili

Tarehe 30 Juni 2014 Mwalimu Agatha Sulle anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, minane ya mwisho ikiwa hapa kwetu Sekondari ya Mteremko, Endasak. Wanaomfahamu kwa mbali wanasema sasa atapumzika. Sisi tuliokaa naye ofisi moja hatuamini.

Alianza mwaka 1980 katika shule ya msingi huko Dirma, akifundisha madarasa mawili kwenye chumba kimoja. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, hakusubiri ramani mpya. Aliwapa wanafunzi mkaa na karatasi ya manila, wakachora mpaka wenyewe. Ramani rasmi ilipofika ilionekana nzuri zaidi, ila yeye anabisha mpaka leo.

Blogu aliiona Katesh mwaka 2009, katika duka la intaneti la Bi. Raudha, alipokwenda kuchapa mtihani. Kesho yake alitutangazia kwamba Kidato cha Pili watakuwa na blogu yao. Shule haikuwa hata na umeme. Mimi nilicheka, na nakiri hapa kwa maandishi kwamba nilicheka sana.

Wanafunzi waliandika kwenye daftari, Jumatano darasa likachagua insha mbili, na kila Jumamosi Mwalimu alipanda bodaboda hadi Katesh kuzichapa kwa vidole viwili. Jumatatu alibandika ukutani maoni ya wasomaji. Kwa kuwa watoto hawakujua msomaji ana umri gani, kila insha walianza na shikamoo. Msomaji mmoja wa Mwanza aliitikia marahaba, kisha akamwuliza mwanafunzi wetu Patriki maswali matatu kuhusu maharage yanavyokaushwa kwao. Patriki, ambaye kalamu zetu nyekundu hazikuwahi kumsumbua, aliandika upya mara nne bila kuambiwa na mtu. Hapo nikaacha kucheka.

Mwaka 2011 nusura blogu ife. Brightness, mjukuu wa mfugaji Mzee Gidahosh, aliandika kwa fahari juu ya ng'ombe wa babu yake, akataja na idadi yao. Kwa wafugaji wa huku idadi ya ng'ombe haitajwi hadharani, ni kuwaitia mabaya. Mwalimu alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku hiyo alichapa haraka ili awahi usafiri, likampita. Mzee alifika shuleni asubuhi na mapema, fimbo mkononi. Wazazi wengine wakamuunga mkono, wakauliza ni nani aliyeruhusu mambo ya nyumba zao yasomwe na dunia nzima. Bodi ikaitisha kikao cha kuifunga blogu.

Mwalimu Agatha hakujitetea. Siku ileile alikwenda Katesh akaiondoa insha. Kesho yake alitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa Mzee, akamwamkia, akaomba radhi, kisha akamsomea insha nzima, idadi ikiwa imeshakatwa. Ilieleza jinsi babu anavyomtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumshika sikio. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasahihisha mambo mawili.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa, na sisi walimu tulikuwa tumeshakata tamaa. Mzee Gidahosh akasimama wa kwanza.

"Idadi imeondolewa, basi," alisema. "Hayo mengine yaacheni, ni ya kweli. Ila kuanzia leo mtu asomewe kwanza habari zake, ndipo mzipeleke huko."

Hakuna aliyepinga. Ombi lake likawa sheria ya darasa, na kila Ijumaa wazazi wakawa wanakuja kusomewa na watoto wao. Baba ambaye hakuwahi kufungua daftari la mwanawe sasa alikuwa anauliza kwa nini sentensi imekatika katikati. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, hakuna mtahiniwa wetu aliyepata F ya Kiswahili. Walimu wa Getanuwas na Dongobesh wamekuja kujifunza, na Mwalimu amewapa kila kitu isipokuwa ile ramani ya mkaa.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi tuliyodhani tunaijua. Ulikuwa mkali kwa wanaochelewa, mkali zaidi kwa wanaosifia bila kusoma, na tutakukosa kweli.

Wiki iliyopita ulituogopesha. Uliwaita wanafunzi, ukawaamuru wabadilishe neno la siri la blogu na wasikuambie. Ulisema kitu kinachokufa mwalimu akiondoka hakikuwa cha darasa. Wamebadilisha. Jumamosi hii walikwenda Katesh bila wewe, na insha mbili zimetoka.

Nenda salama, Mwalimu, ukale jasho lako kwa afya na furaha. Na siku ukitamani kuandika, leta daftari lako Jumatano. Kidato cha Pili watalisoma, halafu darasa litaamua.

Mwl. Severine Tomaso, kwa niaba ya wafanyakazi wote