Mama Mashavu Mdoe na Basi la Misima

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mama Mashavu Mdoe, Afisa Usafiri wetu hapa halmashauri, anastaafu rasmi Juni 30, 2025. Mwenyewe anasema amechoka. Wallahi, hatumwamini hata kidogo.

Alianzia kazi Korogwe, akahamia Handeni wakati mji ukiishia sokoni. Tangu hapo tumegawa viwanja mpaka karibu na Misima, na kila aliyejenga huko anahitaji pikipiki ya kumleta mjini. Asubuhi njia panda ya soko haipitiki: bodaboda, bajaji, na magari yetu sisi wataalamu wa kupunguza foleni.

Mwaka 2014 Mama Mashavu aliomba jambo moja tu: basi la kwenda Misima na kurudi, kutwa nzima. Kamati husika, ambayo jina lake tunalihifadhi kwa kuwa wajumbe wake leo wamekaa meza kuu, ilitaka kwanza idadi ya abiria wa basi katika njia hiyo isiyo na basi. Mama akasimama njia panda mwezi mzima na daftari lake, akahesabu watu. Kamati ikampongeza kwa bidii, kisha ikamjibu kwamba hao aliowahesabu wanapanda bodaboda, kwa hiyo si abiria wa basi. Jamani! Mwingine angelia. Yeye alikunywa chai, akafungua faili upya. Mara nane.

Basi limepatikana mwezi huu, kwa majaribio ya siku thelathini. Abiria wasipopatikana, linaondolewa, na wiki ya kwanza lilikwenda na kurudi nusu tupu. Hilo ndilo linalomnyima raha Mama, wala si kustaafu.

Nasi, kwa mapenzi yetu, tukamwandalia msafara wa kumsindikiza nyumbani kwake, njia ya Misima, kama ilivyo desturi ya ofisi: magari kumi na tisa, taa na honi, kupitia njia panda ya soko saa kumi na moja jioni. Alipoiona ratiba alitutazama mmoja mmoja mpaka dereva Clinton akaanza kuomba radhi bila kuulizwa. Kisha akaufuta msafara kwa kalamu nyekundu.

Mama, asante kwa subira ambayo hatukuistahili. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani, na wajukuu wasiokuchosha sana.

Wageni waalikwa, magari yabaki uani. Mama tunamsindikiza kwa basi. Na kesho asubuhi kila anayekaa njia hiyo aje nalo kazini, nikianza mimi mwandishi, ninayeishi Misima na ambaye tangu lianze sijalipanda hata siku moja.