Fan Yu-chuan, Aliyekataa Kuiita Bodi Mbovu Nzima

Ndugu waombolezaji, majirani wa Zhongli, na ninyi mliotoka Miaoli tangu alfajiri, familia imenipa mimi, Fan Wen-pin, mdogo wake marehemu, jukumu la kusoma maisha ya dada yetu Fan Yu-chuan, nami nitayasoma yote, pamoja na sehemu ambayo jana tuliombwa tuifute.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1971 huko Gongguan, Miaoli, akiwa mtoto wa kwanza wa wazee wetu waliokuwa wakulima wa kunazi nyekundu, akasoma shule ya msingi na ya kati hapo hapo, akaendelea na sekondari mjini Miaoli, na mwaka 1989 akaingia chuo kikuu Hsinchu kusomea uhandisi wa umeme, akahitimu mwaka 1993, enzi ambazo wasichana darasani mwao walikuwa wa kuhesabika, na mama alikuwa akiwaambia watu sokoni, "Wangu mimi anasoma vitu hata kuvitamka siwezi," huku amejikausha, eti hajivuni.

Tarehe 12 Novemba 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu Lo Kuo-liang, mwalimu wa fizikia, wakajaliwa watoto wawili, Szu-ting, aliyezaliwa Juni 2000, na Yen-chun, aliyezaliwa Septemba 2003, na nyumbani kwake hukutoka bila kushindiliwa vitumbua vya mchele na karanga, ukisema umeshiba anakujibu, "Nani kakuuliza?"

Kuhusu kazi, mwaka 2001 aliajiriwa na kampuni ya kusanifu bodi za kompyuta ambayo jina lake sitalitaja, lisije likanuka humu ndani, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mawimbi ya umeme yanayopita kwenye bodi yanafika upande wa pili yakiwa safi, maana yakifika yamevurugika mashine inasoma takataka, na kwa kuwa hakuna anayetengeneza bodi kwa kubahatisha, wahandisi huiigiza kwanza kwa programu maalumu, inayowachorea picha yenye umbo la jicho, jicho likiwa wazi bodi ni nzima, likifumba bodi ni mbovu.

Mwaka 2014 kampuni ilitaka programu mpya ya kazi hiyo, zikaletwa mbili, Yu-chuan akapewa jukumu la kuzipima, mawakala wakaja na bodi zao za maonyesho, michoro ya rangi na keki za nanasi, naye akawaambia, "Keki acheni, bodi zenu rudini nazo," akatoa kabatini bodi ya kampuni yenyewe, iliyokwisha kurudishwa na mteja na kupimwa maabara ikajulikana imekufa kwa nini, kwa sababu alisema programu inayostahili kununuliwa ni ile inayoweza kumtambua maiti, akaiingiza kwenye programu zote mbili bila kuzidokeza kitu, ya kwanza ikahangaika mchana kutwa ikachora jicho lililofumba, ya pili ikamaliza kabla chai haijapoa, ikachora jicho limekodoka, bodi nzima, haina neno.

Jamani, hata mtoto angejua achukue ipi. Mkurugenzi Ku Ming-te, ambaye tunaye hapa, safu ya mbele, alichukua ya pili, na Yu-chuan alipomwambia bodi ile ni mbovu na kumwuliza sababu, alicheka akasema, "Dada Chuan, ile inatukwamisha, hii inatupitisha," kisha akaweka pakiti ya kijani ya vitafunio juu ya kompyuta, kama tunavyofanya wote huku ili mashine isilete kiburi, akapigwa picha, akaenda zake kula. Inatia kinyaa. Sentensi hiyo ya Mkurugenzi nimeirudia nyumbani nikidhani nitaizoea, sijaizoea.

Basi bodi zikapita, zikapita hata zile za kuchekesha, hadi mwaka 2016 mteja aliporudisha shehena nzima ya bodi zilizokuwa zikizima zenyewe, ndipo Mkurugenzi Ku akasimama mkutanoni, mbele ya idara nzima, akasema Yu-chuan aliingiza tarakimu vibaya, hakuna aliyefungua mdomo, dada akapelekwa ghalani kupanga vipuri, na fununu ikatangulia mbele yake, kila alikoomba kazi, Taoyuan mpaka Hsinchu, anapewa chai, anasindikizwa hadi kwenye lifti kwa kuinamiwa, kisha kimya, naye akirudi nyumbani alikuwa akisema, "Cheo wakile tu. Lakini wanangu wataambiwa mama yao hajui kazi."

Alianza kuugua tumbo Februari 2023, akagundulika na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali Linkou, na akafariki mchana wa tarehe 9 Mei 2024, shemeji na watoto wakiwa kando yake, na siku chache kabla alinishika mkono akaniambia, "Wen-pin, siku yangu usinisifie upole. Waambie ile bodi ilikuwa mbovu, na nilisema."

Jana Mkurugenzi Ku alikuja ukumbini na shada refu kuliko mlango, lililoandikwa "Mwalimu Wetu Mpendwa", eti aliwafundisha kazi, akanivuta pembeni akasema, "Kaka, ya kazini tuyaache kazini, tusimchafulie marehemu siku yake." Kumchafulia! Miaka minane amemsiliba matope hadharani, leo ndiye mlinzi wa usafi wake, ptuu!

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Linkou, majirani waliotupikia uji siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, hata ninyi mliokaa kimya mkutanoni siku ile, kwani mmekuja na mmeyasikia haya mkiwa mmeketi, mtaitwa mmoja mmoja kumwashia udi. Mkurugenzi Ku, wewe hutaitwa, na shada lako liko nje karibu na gari lako.

Szu-ting, Yen-chun, mama yenu aliijua kazi yake.

Dada, bodi ilikuwa mbovu, na ulisema. Sasa pumzika.