Meno Hayakuwa ya Marehemu

Nawasalimu nyote mliofika. Mwenyekiti wa kikundi hiki chetu cha wafiwa alinipa nafasi hii mwezi uliopita nikaikataa, na mwezi wa kabla ya huo nikajifanya mgonjwa. Leo nimechoka kukimbia. Mimi si msemaji, na masomo yangu yaliishia darasa la nane, kwa hivyo nivumilieni nikikwama.

Wengi mnanijua kama yule mama wa kliniki ya waya za meno, ile iliyo juu ya duka la vitambaa. Kliniki ilikuwa ya ndugu yangu. Yeye alikuwa kitinda mimba wetu, mimi kifungua mimba. Mama yetu alipofariki mimi ndiye niliyebaki nyumbani kumlea, naye akasoma hadi akawa daktari wa kunyoosha meno. Angeweza kufungua kliniki upande wa matajiri. Aliniambia, "Dada, hata watu wa Huruma wana meno." Akaifungua huku mtaani kwetu Huruma, Nairobi, akaniweka kwenye meza ya mapokezi.

Alikuwa na njia yake. Kabla ya kumgusa mgonjwa alimpa kioo ashike mwenyewe, aone kila kitu kinachofanywa kinywani mwake. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba haitauma. Alisema, "Kesho itakuuma, kesho kutwa pia, halafu itatulia. Kunywa uji." Na kesho yake mimi nilipaswa kumpigia kila aliyekazwa waya, nimuulize amekula nini. Nilimwambia hiyo ni kazi ya kupoteza wakati, mtu mzima kuulizwa habari za uji. Akacheka. Akasema, "Dada, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nafunga waya tu."

Alianguka mchana mmoja akiwa amevaa koti lake la kazi. Hakuamka. Hapo sitaongeza neno.

Sasa ndugu zangu, nawaambia kosa langu, na naomba msinipunguzie. Kwetu magharibi vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae. Siku hiyo ndiyo nguo zinatolewa, deni linasemwa, kila kitu kinapata mwenyewe. Ndugu yangu hakuacha mke wala mtoto. Aliacha kliniki. Basi mimi nikafunga mlango, nikafunga ufunguo kwenye kona ya leso, nikaenda kuzika. Baada ya mazishi ami yetu mkubwa akaugua, wazee wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Mimi nikarudi Nairobi na ule ufunguo, na mlango sikuufungua. Nilijiambia naheshimu mila.

Ambaye hajui mambo ya waya nitamweleza kama nilivyoelezwa. Waya huvuta jino polepole, mwaka, hata miwili. Kila mwezi daktari anaangalia, anakaza hapa, analegeza pale. Asipokuwepo wa kuangalia, waya haisimami kumngoja. Inaendelea kuvuta, iwe kuzuri au kubaya. Na humo ndani nilikuwa nimefungia faili za wagonjwa wote, picha zao, na yale meno ya plasta ambayo ndugu yangu alichukua kutoka vinywani mwao siku ya kwanza. Bila hivyo daktari mwingine anaanza gizani.

Nilijua hayo. Nilikaa kwenye ile meza miaka tisa, singeweza kukosa kujua.

Simu ya kliniki nilikuwa nayo nyumbani. Nilikuwa naichaji kila siku, sijui kwa nini. Wiki ya kwanza niliishika mara moja. Sauti ikasema, "Daktari yuko?" Ikabidi niseme hayuko, halafu niseme hatakuwepo, halafu niseme kwa nini. Nilipomaliza nilikaa sakafuni. Baada ya hapo iliita nami nikaiangalia tu mpaka ikanyamaza. Iliita miezi minne.

Kuna daktari mmoja, binti mdogo tu, aliyesoma nyuma ya ndugu yangu. Alinitafuta mpaka nyumbani. Akaniomba faili awachukue wale wagonjwa.

Nikamwambia, "Wazee hawajakaa."

Akasema, "Pole mama. Lakini waya haingoji wazee."

Nilimwona hana adabu. Nilimsindikiza hadi langoni bila hata chai, na nyinyi mnajua mgeni kutoka bila chai kwangu ni jambo gani.

Kilichonigeuza kilianzia Burma, lile soko la nyama. Nilienda kununua nyama siku ya Jumatano, na mchinjaji mmoja pale alikuwa mgonjwa wetu. Mtu wa miaka arobaini na tano, amevaa waya, wenzake walikuwa wakimcheka kwamba anachoma nyama asiyoweza kutafuna. Aliponiona aliweka kisu chini.

"Mama! Si mlituacha kwa mataa, tukiwangoja bure!"

Nikamwambia tulifiwa.

"Najua. Nilikuja ile misa ya hapa, kabla hamjamsafirisha. Nilikaa nyuma." Akafungua mdomo mbele ya wateja wote. Vifungo viwili vinavyoshika waya vimeng'oka, raba zimekuwa rangi ya chai. "Mimi ni mzee, nitavumilia. Hawa wamenizoea nikiwa na sura mbaya."

"Hata kabla ya waya!" mwenzake akapaza sauti.

Mchinjaji hakucheka. Akaniuliza, "Yule mama wa mitumba wa Gikomba umemwona? Mwenye msichana wa shule? Huja kila Jumamosi kukaa kwenye ngazi zenu. Anasema labda mtafungua."

Jumamosi nilienda. Nilijiambia napita tu. Niliwakuta wamekaa kwenye ngazi, mama na bintiye wa kidato cha tatu. Msichana alikuwa ameshika shavu kwa kitambaa. Mama hakunisalimia.

"Mwonyeshe," akamwambia mtoto.

Ncha ya waya ilikuwa imetoka na kuchoma shavu kwa ndani mpaka likatoa usaha. Mama alikuwa amepiga simu, amepiga, halafu akachukua koleo la kukatia nyaya akamkatia ile ncha mwenyewe jikoni. Vifungo viwili vikang'oka na kipande cha jino kikaondoka navyo. Na jino la pembeni lilikuwa limelala, limevutwa na waya isiyo na mtu wa kuiangalia.

"Nilipiga simu," yule mama akasema. Hakupaza sauti. "Kila siku nilipiga. Daktari wenu alikuwa mtu mzuri, amekufa na nimemlilia kama wewe. Lakini wewe hujafa. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa na ufunguo kwenye leso, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, na bado mkono ulikataa. Nikamwambia acha niwapigie wazee simu kwanza. Ndiyo, hata hapo. Nilimpigia ami yetu mkubwa akiwa kitandani, nikamwomba ruhusa nifungue kabla ya kikao, niguse vitu vya marehemu, kwa sababu ya meno ya watu.

Mzee akaniuliza, "Hayo meno yako kwenye kinywa cha nani?"

Nikasema, "Cha mtoto wa watu."

"Basi mbona unaniuliza mimi? Sisi tutagawa makoti yake. Meno hayakuwa yake. Fungua, mama."

Nilifungua. Vumbi lilikuwa kila mahali, na koti la akiba lilikuwa bado kwenye msumari. Kwenye kabati meno ya plasta yalikuwa yamepangwa safu kwa safu, kila jozi na jina kwa mwandiko wake. Nilitafuta ya yule msichana. Nilipoyashika mkononi ndipo nilipolia kilio cha kumzika, ambacho kaburini sikukilia.

Nilimpigia daktari binti, akafika siku hiyo hiyo saa saba. Hakunikumbusha habari ya chai. Alimpa msichana kioo ashike. Sijui alijifunza wapi. Akamwambia, "Hii sindano itauma kidogo, halafu shavu litakufa ganzi." Mimi nikakaa mezani, nikafungua kitabu cha miadi, nikaanza kupiga simu kutoka jina la kwanza. Kwa kila mtu nilisema maneno yale yale: daktari amefariki, nilipaswa kuwaambia na sikuwaambia, njooni. Nilisema mara tisini na nne kwa siku tatu. Wengine walinitukana. Wengine walinipa pole, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi.

Sitaki muende nyumbani mkidhani yote yalinyooka. Lile jino lililovunjika lilizibwa, lakini ukiangalia utaona. Lile lililolala lilirudi kwa mwaka mzima zaidi wa waya, mwaka ambao msichana hakupaswa kuuvaa. Siku alipotolewa waya aliangalia kioo, akaniambia, "Auntie, liko sawa." Mimi namwona kila akija kukaguliwa, na naliona lile jino. Nisiposema hivyo nitakuwa nimedanganya mbele yenu.

Namshukuru ami yetu, aliyetutoka mwezi wa pili baada ya hayo. Namshukuru daktari binti, ambaye sasa ndiye mwenye kile kiti, na siku hizi chai anakunywa. Namshukuru yule mchinjaji, na zaidi yule mama aliyeniuliza nilikuwa wapi. Hakuna mwingine aliyethubutu. Wote walikuwa wakinihurumia.

Nyinyi mliofiwa hivi karibuni, la kuwaambia ni dogo. Lieni, mna haki. Lakini angalieni kama kuna mtu aliyebaki ameketi kwenye ngazi zenu na mdomo unamuuma. Huyo mfungulieni kwanza, mtaendelea kulia mkiwa ndani.

Simu ya kliniki ni hii hapa, nimeiweka mapajani. Jana kuna watoto wawili walikazwa waya, na mmoja mama yake alisema atanipigia akishindwa kunywa uji. Ikiita katikati ya maombi mtanisamehe. Nitatoka nje niishike.